Nguruwe Walionikalisha Kilimani Hadi Adhuhuri

Shamba la Los Tepozanes,
Sonora.
16 Februari 1987

Mpendwa kaka yangu Leobardo,

Naomba barua hii ikukute mzima, na kile kifua kilichokusumbua mwaka jana kiwe kimepona. Huko Chicago nasikia theluji inafika magotini; vaa vizuri, usijifanye kijana. Sisi hatujambo. Magoti ya Baba yanamuuma, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Mimi nimekonda kidogo, na usinicheke kabla hujasoma sababu.

Tarehe 14 Machi Mama atatimiza mwaka tangu tumzike. Padre atakuja kusoma misa, na majirani wote watakula hapa nyumbani. Unakumbuka Mama alivyopika nyama ya nguruwe wa jangwani kwa pilipili nyekundu? Baba ameapa kwamba siku hiyo hakipikwi kingine.

Sitakuficha jambo. Tangu ile siku tuliyomzika bila wewe, Baba hataki jina lako litajwe mezani. Mara mbili nimejaribu, na mara mbili ameacha chakula akatoka nje. Inaniuma sana, kaka. Nilitaka sana uwepo siku ya misa, lakini sikuthubutu kukuita kwenye nyumba ambayo mwenyewe hataki kukusikia.

Basi, habari za nyama. Mjomba Chano ndiye aliyetangulia kujitolea kwenda kuwinda, na kweli alipata mmoja. Lakini akafanya kosa la watu wa mjini: akakata kile kifuko cha harufu kilicho mgongoni, halafu akaendelea kuchuna kwa kisu kilekile na mikono ileile. Hata mbwa walikataa kuonja.

"Shemeji, mvi zote hizo na bado hujui?" Baba alimfokea. "Kifuko hakiguswi! Kinatoka chenyewe na ngozi."

"Basi tualike wageni wenye mafua," Mjomba akajibu. Nilicheka hadi nikakaa chini.

Ikabidi niende mimi na bunduki ya Baba. Siku nne nilizunguka makorongo bila kuambulia kitu. Niliona mipungate iliyotafunwa, nyuzi zake zikining'inia bado mbichi, na udongo uliofukuliwa mizizi. Wenyewe hawakuonekana. Baba alikuwa akinifuata kwa nyumbu, darubini shingoni, na siku ya nne uvumilivu ukamwishia.

"We Eduviges, mbona unahangaika kutafuta nguruwe?"

"Sasa nitafute nini, Baba? Kuku?"

"Tafuta jua! Hawa wana manyoya haba. Usiku wa baridi wanalala wamebanana huko korongoni. Wewe ungeamka umeganda hivyo, ungekwenda wapi?"

Niliona aibu. Miaka thelathini na minne nimeishi na wanyama hawa, na sikuwahi kujiuliza wanasikia baridi au la.

Asubuhi ya jana nilikaa mbele ya ule mteremko unaopata jua la kwanza, upepo ukinipiga usoni ili wasinipate kwa pua. Kwa macho hawana nguvu, lakini pua zao unazijua. Baba alibaki kilima cha pili. Jua lilipogusa mawe, ilitangulia harufu yao, halafu mawe yenyewe yakaanza kutembea. Kaka, walikuwa kumi na mmoja! Walisimama ubavu kwa ubavu, wamefumba macho, wakiota jua. Mmoja alipita hatua kumi kutoka nilipokaa, na nikasikia meno yake yakisaga mpungate na miiba yake yote. Nilisahau kabisa kilichonipeleka.

Nilipokumbuka, nikachagua dume lililosimama pembeni, nikapiga risasi moja. Likaanguka palepale. Wengine wakatawanyika, meno yakigongana, na kilima kikanyamaza.

Baba alinifundisha nisikimbilie mnyama niliyempiga, nisubiri. Nikasubiri. Ndipo wakaanza kurudi, mmoja mmoja, wakiitana kwa sauti ndogo. Jike moja kubwa likaingiza pua chini ya yule aliyekufa, likamnyanyua. Akaanguka. Likamnyanyua tena. Lilipochoka likalala kando yake, ubavu kwa ubavu, kama wanavyolala wakati wa baridi. Wengine wakasimama kumzunguka. Walijua hatari ipo, kaka, risasi waliisikia, na bado walirudi.

Sikuweza kunyanyuka. Nilikaa hadi adhuhuri, nikilia bila kujua namlilia nani, mpaka wakaondoka wenyewe.

Niliposhuka nilimkuta Baba amefika pale kabla yangu, kwa miguu, na magoti yale. Kumbe naye alikuwa ameona yote kwa darubini. Alivua kofia, akakaa muda mrefu akimtazama yule mnyama. Halafu akamchuna mwenyewe, taratibu, bila kugusa kifuko. Mimi nilingoja anitanie kwa machozi yangu, hakunitania.

Nyama tayari iko kwenye kamba, inakauka vizuri. Shangazi Cuca anakusalimu sana, na Mjomba Chano anasema huko ulipo usimsimulie mtu habari za kisu chake. Mwanangu Nubia anakutumia busu. Ana miaka mitano na anataka kujua kama una ndevu. Mungu akulinde njiani na kazini, na Bikira Maria asikuache.

Nimalizie kwa neno ambalo si langu. Jana, akinawa damu mikononi, Baba alisema bila kugeuka, "Mwandikie kaka yako." Nilidhani nimesikia vibaya. Akaendelea, "Usimwambie aje kuomba msamaha. Mwambie mama yake bado yuko palepale, aje akae kando yake. Na mimi nitakaa."

Wako akupendaye daima,
Dada yako Eduviges