Ngazi ya Ukutani

Texas, 9 Novemba

Kaka Coy,

Sisi hatujambo. Mama anakuomba uvae soksi nzito huko Alaska.

Rekodi yako ya futiboli ya Kimarekani pale shuleni ilivunjwa Ijumaa. Brody Haskell amerusha pasi za mabao arobaini na tisa msimu huu, moja zaidi ya zako. Usisononeke. Nimepekua madaftari ya timu: za Brody zimedakwa na wachezaji saba, lakini zako, thelathini na tisa alizidaka rafiki yako Rubén peke yake.

Jana kocha alipanda ngazi aandike jina la Brody chini ya lako kwenye ukuta wa uwanja. Brody akamzuia.

"Kocha, mimi narusha tu. Waandike na wadakaji."

Nikaona haya kwa niaba yako. Gazeti lilipokuhoji ulipoweka rekodi ile, hukumtaja Rubén hata mara moja, na huu ni mwaka wa sita hamsemezani.

Basi nikamfuata Rubén gereji anakofanya kazi, nikamwonyesha hesabu yangu. Nikamwambia ningependa jina lake likae kando ya lako.

"Kaka yako kakutuma?"

"Hapana. Hajui."

Akafuta mikono polepole. Nilidhani atanifukuza.

"Mwambie pasi zake zilikuwa mbovu. Nusu nilizikimbiza kama kuku wa bibi." Kisha akacheka, Coy, akacheka kabisa! "Jina langu nitaliandika mwenyewe. Yeye aje Krismasi anishikie ngazi."

Kocha amekubali kusubiri. Tafadhali njoo.

Mdogo wako akupendaye,
Wynona