Shukrani Zilizofunga Ombi la Zuhura

Jumatano, alasiri. Mawingu mazito, mvua hainyeshi, hewa imesimama.

Kwako msomaji wa ukurasa huu, salamu.

Yah: Jina la binti yangu kutokuwemo katika orodha ya watahiniwa

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Madhumuni ya andiko hili ni kueleza jinsi nilivyomharibia binti yangu kwa mkono wangu mwenyewe, na kwa nia njema.

Kazi yangu ni kuwaandikia watu barua na maombi. Meza yangu ipo kwenye baraza ya duka la vifaa vya ofisi, Kariakoo. Niliishia darasa la saba. Mengine nilijifundisha kwa kunakili barua za serikali. Wapo waliopata viwanja na mirathi kwa maneno yangu. Nalisema hilo bila kujigamba, au kwa kujigamba kidogo.

Zuhura yupo mwaka wa kwanza chuo kikuu. Cheti cha kuzaliwa kinasema Zuhura, cha kidato cha nne kinasema Zuhra. Kwa herufi moja hiyo, mfumo ulikataa kumsajili kwa mitihani. Chuo kimewawekea wanafunzi wapya msaidizi wa akili mnemba: unamwandikia kwa simu, anajibu papo hapo, anakupa namba ya ombi. Usipoanzia kwake, dirishani hupokelewi.

Zuhura alitaka kuandika mistari miwili. Nilimzuia.

"Baba, hiyo ni mashine. Haina cheo."

Nikamjibu kwamba ombi lisilo na adabu ni amri. Nikachukua simu yake, nikaandika aya nne, nikahitimisha inavyopasa: "Natanguliza shukrani zangu za dhati kwa msaada wako." Jibu lilikuja kabla sijavua miwani: "Karibu sana, Zuhura. Nimefurahi kukusaidia. Ombi lako limetatuliwa na kufungwa."

Nilimsomea Bwana Nassor, mwenye duka. Akacheka. "Mzee, wewe hata mashine inakuogopa." Nikamwagiza Zuhura arudi kwenye vitabu vyake, suala limekwisha.

Wiki iliyofuata orodha ilibandikwa. Hayumo.

Niliandika tena, kwa unyenyekevu zaidi. Limetatuliwa na kufungwa. Mara ya tatu niliushukuru uongozi mzima wa chuo. Limetatuliwa na kufungwa. Zuhura aliniomba aandike mwenyewe. Nikamwambia avute subira.

Leo asubuhi tulikwenda chuoni pamoja. Binti wa dirishani aliniamkia, akafungua kompyuta, akasoma maombi yangu yote matatu kimya.

"Mzee wangu, umeandika vizuri mno. Ila hii ukiishukuru, inajua imeshakusaidia. Inafunga."

"Shukrani nilizitanguliza," nikamwambia. "Kutanguliza maana yake msaada bado."

"Mimi nimekuelewa, baba. Yenyewe ndiyo haijaelewa."

Muda wa marekebisho ulikwisha Ijumaa iliyopita. Yeye hana uwezo wa kufungua ombi ambalo kumbukumbu zinaonyesha limetatuliwa mara tatu. Mwenye uwezo ni mkuu wa usajili, naye hupokea maombi kupitia kwa msaidizi yuleyule. Mitihani inaanza Jumatatu. Asiyekuwemo kwenye orodha ataurudia mwaka.

Zuhura hakunilaumu. Tulishuka kwenye daladala Mnazi Mmoja, akatangulia hatua mbili mbele yangu mpaka mezani kwangu.

Afadhali angenilaumu.

Nakiri hapa jambo ambalo sikumwambia. Sikumzuia kwa ajili ya adabu peke yake. Nilitaka chuo kione kwamba baba yake anajua kuandika.

Nimekaa mbele ya karatasi tangu adhuhuri. Maisha yangu yote niliamini kwamba nyuma ya kila mlango kuna msomaji. Awe mkali, awe mvivu, lakini anasoma. Leo sijui nimwandikie nani.

Kwa hiyo ombi naliweka hapa, mahali pa wazi, kwa yeyote wa ofisi ya usajili atakayelisoma kwa macho yake. Zuhura na Zuhra ni mtu mmoja. Vyeti vyote viwili ninavyo, na naweza kuvileta saa yoyote nitakayoitwa. Kosa la kuchelewa ni langu, si lake.

Naomba uamuzi kabla ya Jumatatu: afanye mtihani, au asifanye.