Mto wa Kitanda cha Pili

Mke wangu,

Mimi mzima, ila mgongo unalalamika. Viatu ulivyonitumia vimenikaa vizuri. Bado natandika vyumba humu melini, kumi na vinane kwa siku.

Chumba kimoja yumo mama mjane anayesafiri peke yake. Meli hii ya starehe huhesabu kila chumba ni cha watu wawili, kwa hiyo amelipa nauli ya wawili. Siku ya kwanza nilitandika kitanda kimoja tu. Akaniita.

"Mwanangu, mbona hicho umekiruka?"

"Hakuna anayekilalia, mama."

"Nimekilipia. Kitandike, na mto uweke."

Basi kila asubuhi nakitandua hakijaguswa, nakitandika upya. Wenzangu wananitania: "Mgeni wako kaamkaje leo?" Nami nilikuwa nacheka, hadi jana nilipomkuta mama amekaa, mkono ameulaza juu ya ule mto. Hakuniona. Nikarudisha mlango taratibu.

Katika barua yako ya mwisho uliniambia umeuondoa mto wangu kitandani, kwamba miaka minne imekuchosha. Nilikasirika, sikujibu. Sasa naelewa. Miaka yote hii umebeba nyumba ya watu wawili, ukilala peke yako.

Leo msimamizi kaniletea mkataba mwingine wa miaka miwili. Nimemrudishia bila sahihi. Meli ikitia nanga mwisho wa mwezi, nashuka na begi langu.

Kama mto hujaugawa, utafutie foronya.

Mumeo, mchovu lakini wako