Vitenzi Nilivyovichoma

Mwanangu Aneth,

Leo nimemenya kahawa peke yangu. Mashine ni ileile, na mkono wake bado unalia palepale. Zamani ulikuwa unauzungusha wewe, mimi namimina kahawa, na kila ukipumzika unanifundisha neno la Kiingereza.

"Baba, usiseme walk. Walk ni ya kila mtu. Bibi anatembea hivyo? Bibi ana-shuffle." Ukaburuta ndala zako uani, hadi bibi yako mwenyewe akacheka. Mvua ikigonga migomba ilikuwa na kitenzi chake, mtori wa ndizi ukichemka una chake. Mimi niliyeishia darasa la saba nikawa napandisha mlima na mkungu begani, nasema trudge, trudge, kila hatua. Ulisema wenzako sekondari wanaandika sentensi zilizolala, wewe unataka zako ziamke. Zote ukaziweka kwenye daftari la jalada la kijani.

Sasa niseme. Siku ile nililichukua bila kukuuliza, nikaenda nalo kilabuni. Nilitaka kujisifu. Nikampa yule jirani yetu aliyekuwa akipandisha wageni mlimani. Nikamwambia, "Soma, wasikie mtoto wangu."

Akafungua katikati. Akasoma, akawatafsiria: baba yangu anapepesuka akirudi, anabwabwaja mlangoni, anakoroma na viatu.

Watu walicheka mpaka pombe ya mbege ikamwagika. "Meku, mzee wetu, mtoto hajakosea hata kimoja," akasema mmoja. Mwingine akaniambia, "Hebu simama utembee kidogo, tuhakikishe."

Nikasimama. Nikarudi nyumbani vilevile ulivyoandika, nikalitupa daftari kwenye moto chini ya sufuria ya ndizi. Mama yako alitaka kulichomoa, nikamshika mkono. Wewe hukulia. Ulisema tu, "Baba, mtihani ni Jumatatu."

Nilikuambia umenitukana. Aneth, hukunitukana. Ulikuwa umeniona.

Mtihani ukakushinda, na shule hukutaka kuisikia tena. Ukateremka Mabogini kupanda mpunga kwenye mashamba ya watu. Miaka saba sasa. Asubuhi kukiwa hakuna ukungu nayaona maji ya majaruba yakimeta huko chini, nashindwa kujua umeinama katika lipi.

Mwaka jana nilikata isale pale mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba. Kwetu ukiletewa jani hilo la kuomba msamaha hukatai, hata kama mtu amekuulia ndugu. Lakini nilimpa shangazi yako akuletee. Niliona aibu baba mzima kumpigia mtoto magoti. Akarudi na jibu lako: "Mwambie Baba jani nimelipokea. Yeye sijamwona."

Tangu hapo nimekata mengine matatu. Nafika nalo barabarani, bodaboda wananiuliza, "Mzee, unashuka?" Nawaambia kesho. Jani linanyaukia mkononi, narudi. Pombe nimeacha, lakini hilo halinisaidii. Sasa hata kisingizio sina.

Wiki iliyopita nilinunua daftari, nalo la kijani. Nikasema nitayarudisha maneno yako yote, nikuletee pamoja na isale. Nikakaa mezani tangu misa ilipoisha mpaka jua likazama. La mvua sikulipata. La mtori sikulipata. Mama yako alikuwa na ukurasa mzima kwenye lile la kwanza, aliwahi kuniambia ulimsomea akafurahi, na yeye sasa hakumbuki hata neno moja. Siku ile kilabuni sikumwomba jirani afungue ukurasa mwingine. Sitajua kamwe nini kingine ulikiona, wala kama mahali fulani mle uliniandika vizuri.

Nilipata maneno matano. La bibi, lile la mkungu, na yale matatu waliyonichekea. Yale matatu yalikuja ya kwanza, bila kuyatafuta.

Daftari liko hapa mezani, na jani la leo liko juu yake. Limeshaanza kujikunja. Kurasa zilizobaki ni nyeupe, mwanangu, na mimi sina cha kuzijaza.

Ni mimi baba yako, niliyeko huku juu.