Chumba cha Faragha

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Zipokee salamu zangu kabla ya mengine yote, na nakuomba uisome barua hii ukiwa umekaa, miguu umeiinua kama ulivyoagizwa kliniki. Vipi hali? Uvimbe umepungua? Kaka aliniambia kwenye simu kwamba unaendelea vizuri, lakini kaka hata nyumba ikiwaka moto atasema tunaendelea vizuri, kwa hiyo nimemwomba wifi aniambie ukweli. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na hasira ninazo za kutosha.

Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu kwa sababu nililo nalo ni refu, na kwenye simu ungenikatiza katikati ukaniambia niache kudharau watu. Najua hukunilea hivyo. Nimejitahidi, Mama. Lakini njoo ukae nami kikao kimoja tu cha Baraza la Madiwani, halafu unikataze tena.

Kwanza nikupe habari ya msiba. Yule diwani niliyekuwa nakaa naye bega kwa bega, mwalimu mstaafu, mrefu, mwenye koti lililopauka mabegani, amefariki. Ulimwona siku nilipoapishwa. Ndiye aliyekutafutia kiti wakati wenzake wanasukumana kupigwa picha. Aliugua mapafu, akawa anakohoa mpaka kikao kinasimama, kisha akalazwa na hakutoka tena. Nimemlilia sana. Katika jengo lile lote alikuwa mtu pekee ambaye ukimwuliza swali anakujibu swali hilohilo.

Wenzake walimwita Mheshimiwa Choo. Nisamehe kuliandika neno hili mbele yako, utaona huko mbele kwamba siwezi kulikwepa. Alipewa jina hilo kwa sababu ya hoja yake moja aliyoirudia kila kikao, kwamba soko kuu halina choo. Wauza mboga, washona nguo, wateja, wachukuzi, umati wote ule, na hakuna hata kibanda cha mabati. Wanaume wanageukia ukuta nyuma ya mashine ya kusaga. Na wanawake je, alikuwa akiuliza, waende wapi? Akifika hapo waheshimiwa wanaangua kicheko, wanagonga meza, mmoja anaziba pua. Watu wazima hao, Mama, wenye wajukuu.

Ngoja nikueleze ni watu wa namna gani. Hawa ndio waliojenga maktaba wakasahau vitabu, na leo wanarundika humo viti vya plastiki. Ndio waliofungua uwanja wa watoto kwa mbwembwe na hotuba, kisha wakang'oa bembea ili magari yao yapate kivuli. Yupo mmoja tunamwita Naunga Mkono, maana tangu achaguliwe hajasema neno jingine. Siku moja aligutuka usingizini akaunga mkono tangazo kwamba chai imechelewa. Meya naye ni mgonjwa wa utepe. Kitu kisichokatiwa utepe kwake hakipo, na choo, alituambia bila haya, hakikatiwi utepe.

Basi ulipokuja mpango wa kujenga ukumbi wa jamii pembeni ya soko, marehemu akaona nafasi imepatikana. Alisimama akataka ukumbi huo uwe na vyoo vinavyofunguka upande wa sokoni. Meya akamkatiza. Akasema baraza si kilabu cha pombe, na mheshimiwa atafute lugha ya staha au akae chini. Marehemu akajaribu kusema msalani. Meya akasema hata hilo linanuka. Akajaribu mahali pa kujisaidia, na mheshimiwa mmoja mwanamke akajifunika uso kwa mtandio kana kwamba ametukanwa yeye. Mwishowe, huku kifua kimembana, marehemu akasema haya basi, kijengwe chumba cha faragha. Wakampigia makofi. Naunga Mkono akaunga mkono. Hoja ikapita bila kupingwa, na tulipotoka nje marehemu alikuwa anacheka, akaniambia hata wangekiita kasri yeye hajali, mradi kiwe na shimo.

Hakikuwa na shimo. Mhandisi aliyachukua maneno kama yalivyo, akachora chumba chenye zulia, makochi, mapazia mazito na mlango wa kujifungia, mahali pa mgeni mkubwa kupumzika asisumbuliwe. Hakuna diwani aliyeuliza, na mimi nilikiona siku mapazia yanatundikwa. Nilikwenda hospitali kumwambia marehemu. Alinisikiliza hadi mwisho, akageuza uso ukutani, kisha akaniambia nisiache. Sikumkuta tena hai.

Alipokufa tu, wakampenda ghafla. Kila mmoja akawa rafiki yake wa karibu. Meya alifuta kwa leso macho yasiyokuwa na chozi, akapendekeza ukumbi uitwe kwa jina la marehemu, na wote wakaguna kwa majonzi. Mjane wake, mshonaji, mwanamke wa maneno machache, aliniuliza kwa sauti ya chini kama hawa ndio wale waliokuwa wakiziba pua. Nikamwambia ndio haohao.

Siku ya ufunguzi alikuja mgeni rasmi kutoka wizarani, mzee mnene, mpole. Meya alihutubia. Nakwambia alihutubia. Katikati ya hotuba mgeni akamwinamia msaidizi wake akamnong'oneza kwamba angependa faragha kidogo. Msaidizi akamnong'oneza karani, karani akamnong'oneza Meya, na Meya akang'aa uso mzima, maana chumba chenyewe kipo! Wakamsindikiza mgeni kwa heshima zote, wakamvutia mapazia, wakamfungia mlango. Punde akatoka jasho linamtoka, akasema samahani, labda hawakumwelewa, yeye alitaka faragha. Wakamrudisha ndani, karani akamwongezea mto. Alipotoka tena alikuwa ameshaweka staha pembeni. Alilitamka neno lile karibu na kipaza sauti, na soko zima likasikia. Wauza mboga walicheka hadi wakashikana mabega. Mgeni alikimbizwa kwenye gari, na sijui kama alifika. Nilicheka na mimi, mpaka nilipomwona mjane hacheki.

Hakucheka kwa sababu aliwajua kuliko mimi. Kikao kilichofuata, Meya alisema baraza limeaibishwa, na aliyeliaibisha ni marehemu. Si yeye aliyetamka chumba cha faragha? Si kila mtu alimsikia? Kwa hiyo jina lake lifutwe ukutani, na chumba kibaki kama kilivyo, maana makochi ni mazuri. Mjane alikuwa ameketi nyuma, kwenye viti vya wananchi, karibu na mwandishi wa redio. Hawakujali hata kupunguza sauti.

Sasa Mama, hapa ndipo lilipo jambo lililonikalisha na kalamu. Nilisimama nikawaambia kwamba walimnyang'anya mtu neno lake, wakamlazimisha kutumia la kwao, na sasa wanamhukumu kwalo. Nikawaambia wanawake wa sokoni bado hawana pa kwenda. Wakaanza tena kicheko chao. Mmoja akauliza, anafuta machozi kwa kucheka, hao wanawake wamekuwa wakifanyaje miaka yote, mbona hawajafa.

Nikakutaja wewe.

Nilisema mama yangu aliuza nyanya katika soko hilo mpaka nikamaliza shule. Nilisema alikuwa haonji tone la maji tangu alfajiri hadi arudi nyumbani jioni, kwa sababu akinywa hana pa kwenda. Nilisema figo zake zimeharibika, na daktari anasema ile kiu na kule kubana vimechangia, na leo hata akitaka kunywa anapimiwa maji. Nikasema choo. Nikalirudia, wala sikuomba radhi.

Uliniapisha nisimwambie mtu chanzo cha ugonjwa wako, hata kaka zangu. Marehemu mwenyewe sikumwambia, alikufa bila kujua kwamba alikuwa akimpigania mama wa jirani yake wa kiti. Nilikutunzia siri mbele ya mtu mwema, kisha nikaitoa mbele ya watu ambao singewaachia hata mwavuli wangu. Na redio ikaibeba. Huenda majirani wameshasikia, huenda kaka ameshasikia na anajifanya hajasikia. Ndiyo maana naandika mbio hivi, uisikie na kwangu.

Hawakucheka tena. Meya alimwamuru karani asiandike niliyosema, kwa heshima ya mzazi wangu. Nikamwambia heshima ya mzazi wangu ni iandikwe. Karani, kalamu hewani, akauliza basi aandike neno gani, na mjane akamjibu kutoka nyuma bila kuomba ruhusa. Lile lile la mume wake.

Kura zikapigwa. Makochi yatoke, vyoo vijengwe, jina libaki ukutani. Usidhani waliona haya. Waliona kipaza sauti cha redio, na uchaguzi uko karibu. Tayari Meya ameshaulizia nani atakata utepe. Mafundi wameanza kuvunja sakafu, nimeona kwa macho yangu, na mjane alikuja kuona pia, akasimama mlangoni muda mrefu, akaenda zake kushona.

Hao siwaogopi. Ninayemwogopa ni wewe. Kama nimekuvua nguo mbele za watu, niite, nitakuja nipige magoti na utanisema utakavyo. Nitatubu kwa kuvunja kiapo. Kwa kulisema lile neno, hapana, hapo usinisubiri.

Msalimie kaka, mwambie mambo hayaendelei vizuri na ajifunze kusema hivyo. Wasalimie watoto, mmoja mmoja kwa shavu lake. Mshukuru sana wifi, amenijibu nilipokuwa nakaribia kumaliza barua hii. Ananiambia uvimbe umepungua kweli, lakini maji unayopimiwa na daktari, ambayo umeruhusiwa yote, huyamalizi. Kila siku unabakiza nusu kikombe, ukiulizwa unasema umezoea.

Kimalize, Mama. Choo kipo hapo uani.

Mwanao,
kitindamimba wako