Baridi Inaingilia Pembeni

Jumatatu, 3 Juni
Kuta za msingi zimekwisha, kokoto zimeshindiliwa. Jumamosi tunamwaga zege la sakafu ya chumba cha Mama, hapa kwangu. Foam ngumu ya kuzuia baridi imefika — mabamba ishirini tu, duka limeishiwa! Haitoshi kulazwa chini ya sakafu nzima na kusimamishwa pembeni pia. Fundi hana wasiwasi: tuilaze katikati, baridi inatoka ardhini. Mimi sijui. Zege likishakauka ndiyo basi.

Na Mama havai viatu ndani. Tangu macho yazimike, miaka sita sasa, nyayo ndizo zinazomwonyesha njia. Soksi nene nimenunua, ndala za manyoya nimenunua. Anavua zote. Eti nikimvisha viatu nimempofua mara ya pili.

Jumanne, 4 Juni
Nimelala kwa Mama. Hataki kuhama. "Hicho chumba chenu," kasema. Nikamkata kucha. Visigino vimepasuka kwa baridi. Nikavitazama mno, akahisi — niache kumkagua kama nguo ya mtumba!

Jumatano, 5 Juni
Fundi kaja kwa Mama kunifuata, nichague: foam iende wapi? Mama akadakia kutoka kitandani: baridi inaingilia pembeni, chini ya ukuta. Katikati ni nafuu. Fundi akacheka — kwani zege lina mlango, Mama?

"Vua viatu," Mama akamwambia.

Mtu mzima na kitambi chake, akavua. Soksi moja ina tundu. Mama akamshika mkono, akamtembeza katikati ya chumba, kisha polepole hadi ukutani. Fundi akafumba macho, wala hakuambiwa. Kufika ukutani akaruka!

"Lo! Mama, kumbe una kipimajoto miguuni!"

Mama alicheka hadi akakohoa. Miezi mingapi sijakisikia kicheko hicho?

Tumekata shauri. Foam isimame wima kuzunguka ukingo wote, kati ya zege na ukuta wa msingi. Itakayobaki ilazwe chini, kutoka ukutani kuingia ndani hatua moja. Upande wa kitanda kwanza.

Ijumaa, 7 Juni
Foam imesimama pande zote nne. Nimempigia Mama simu kumweleza. Kaniuliza niliyarudie. Halafu: kitanda chake kitaelekea wapi? Nikajibu kama mtu asiyejali. Kumbe atahama!

Jumamosi, 8 Juni
Naandika nimekalia mfuko wa saruji. Mixer ya zege inanguruma. Mama kaomba aletwe, aguse kwanza kabla hatujamwaga. Fundi kamshusha mwenyewe — taratibu Mama, shika bega langu. Kapiga magoti, mkono unafuata foam, bamba hadi bamba. Pande tatu kazimaliza. Kwenye kona ya nne katulia.

"Hapa pana upenyo."

Kidole kimezama kati ya mabamba mawili. Wote tumepita hapo, hakuna aliyeona! Fundi kakimbilia msumeno akate kipande cha kuziba. Vijana wa toroli wanalalamika zege litaganda. Fundi anawafokea huko huko aliko: wasubiri!

Nimemsihi Mama ainuke, kokoto zitamwumiza magoti. Hataki. Kakiacha kidole pale pale kwenye upenyo, eti tusije tukaupoteza.

Nashuka nikamshike mgongo —