Mkeka Usiooshwa

Logan, Brisbane
9 Julai

Mpendwa Shangazi Meleane,

Shikamoo. Natumai goti linakuruhusu kufika kanisani, na wote hapo Neiafu ni wazima. Mimi nipo, napumua, ingawa kwa kelele kama birika.

Kile kikohozi nilichokuficha kwenye simu kilizidi. Wiki tisa baada ya kukatwa kipande cha pafu la kulia, walinipitishia kamera puani wakakuta ukungu umeota ndani ya njia ya hewa, juu ya nyuzi walizonishonea. Ukungu, Shangazi, kama wa mkate uliolala! Sasa nameza vidonge visivyopatana na jua. Natembea na mwavuli mchana kweupe, na mume wangu Semisi ananiita Bibi Harusi.

Daktari aliniuliza kama nyumbani nina kitu cha zamani chenye unyevu. Nikasema sina, mara tatu, namtazama machoni. Ningemwambiaje kwamba kila Jumapili najifunga kiunoni ta'ovala ya babu, mkeka uliolala chini ya godoro miaka na miaka, ambao wewe uliniapisha nisiuoshe wala kuuanika, kwa kuwa kadiri unavyochakaa ndivyo heshima inavyozidi? Wenzangu kanisani waliuonea wivu. Nami nikajidai, huku unanitimulia vumbi puani kila nikiinama kusali.

Juma lililopita nilikohoa damu. Nikaukasirikia ukungu, nikakukasirikia wewe, nikajikasirikia na mimi. Nikautia mkeka kwenye mfuko, nikampelekea daktari. Wakaukwangua, wakakuta ukungu uleule. Waliponiuliza mkeka waufanyeje, nilisema uteketezwe, na sahihi nikatia mwenyewe. Semisi usimlaumu. Yeye alitoka nje mbio, akisema hataki laana ya shangazi wa mtu.

Basi nilaani ukipenda. Najua kwetu neno la shangazi halina rufaa, ila sijutii wala siombi radhi. Uliniagiza niuvae mkeka ule siku ya mazishi yako, watu waone ulivyoheshimiwa. Nasuka mwingine hapa kitandani, mpya, hauna hata doa. Wa kucheka na wacheke. Ukitaka nikuzike, Shangazi, niache kwanza nisikutangulie.

Nisalimie wote, na goti ulikande kwa mafuta ya nazi, usilionee aibu.

Mtoto wa kaka yako, asiyesikia,
Losaline